Mwalimu wa Kwaya Aliyewaliza Wanaume: Maisha ya Enoch Sontonga

Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ambaye habari zake zaweza kuwafaa watu waliopita shule moja. Nadhani kamati ilitazamia nimchague mtawala au jemadari. Mimi nimemchagua mwalimu wa shule ya misheni, mtu aliyefariki hajatimiza umri wa miaka 35, asiyeacha shamba wala nyumba ya kutajwa, ambaye kaburi lake lilipotea kwa muda wa karibu miaka 90. Mtu huyo ni Enoch Mankayi Sontonga wa Afrika Kusini.

Hapana hata mmoja wetu asiyemjua kwa kazi yake. Sauti ya wimbo wetu wa taifa, ambao tuliuimba mstarini asubuhi bendera ikipanda, ilitoka kichwani mwa mtu huyo. Basi, kwa hesabu ya mara tulizouimba tangu darasa la kwanza mpaka tulipomaliza kidato cha sita, hakuna mtunzi mwingine duniani ambaye midomo yetu imemtumikia zaidi.

Ninayo sababu nyingine. Tulifundishwa na wazee wetu kwamba mwanamume hulilia moyoni. Katika umri wangu huu nimewaona wanaume wazima wakilia hadharani mara chache sana, na katika hizo chache, mara mbili ilikuwa kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Nitaeleza mahali pake. Kwanza tumfuate Mwalimu Sontonga tangu kuzaliwa.

KUZALIWA NA KUSOMA

Husemwa kuwa Sontonga alizaliwa mnamo mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, ulioko Rasi ya Mashariki. Tangu mwaka 2021 mji huo umepewa jina la Kariega. Watu wake walikuwa Waxhosa, na lugha yake ni Kixhosa. Taifa hilo lilikuwa limepigana na wazungu juu ya ardhi yao kwa muda wa miaka mia moja, vita baada ya vita. Vita vya tisa, ndivyo vya mwisho, vilikwisha mwaka 1879, wakati Enoch alipokuwa mtoto wa miaka sita hivi. Kwa hiyo alikulia katika nchi ambayo mikuki ilikwisha kuwekwa chini, na wazazi walianza kuwatafutia watoto wao njia nyingine ya kusimama.

Njia hiyo ilikuwa shule. Enoch alipelekwa katika chuo cha Lovedale, karibu na mji mdogo wa Alice, kilichoanzishwa na wamisionari wa Uskoti. Hapo vijana walijifunza ualimu, uchungaji, useremala na kazi ya kupiga chapa. Lovedale kilikuwa na mtambo wake wa kuchapa vitabu, na wengi wa Waafrika walioongoza siasa, dini na magazeti ya Afrika Kusini walipita hapo. Tuseme kilikuwa chuo ambacho wahitimu wake walitambuana popote walipokutana, jambo ambalo sisi tunalifahamu vizuri.

Pamoja na masomo mengine, shule za misheni za nchi hiyo zilifundisha kuimba kwa zile noti za herufi, do, re, mi, zilizoenezwa kutoka Uingereza na mchungaji John Curwen. Mfumo huo haukuhitaji piano wala karatasi yenye mistari mitano. Mwalimu mwenye ubao na chaki aliweza kuandika herufi za sauti zote nne, na watoto wasiojua chombo chochote cha muziki wakaimba sawasawa. Ndio mfumo uliofika hata katika shule na makanisa ya kwetu, na wale waliokuwa katika kwaya ya shule yetu wanaukumbuka. Mwalimu maskini aliweza kuwa mtunzi mwenye kwaya kamili, asitumie hata senti moja. Bila herufi hizo pengine tusingelijua jina la Sontonga.

KAZI YAKE KARIBU NA JOHANNESBURG

Alipomaliza mafunzo alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Hapana budi tuelewe ulikuwa mji wa namna gani. Dhahabu iligunduliwa hapo mwaka 1886. Miaka kumi baadaye palikuwa na watu zaidi ya laki moja mahali ambapo zamani palikuwa malisho matupu. Vijana walitoka Msumbiji, Basutoland, Zululand na nchi ya Waxhosa, wakashuka mashimoni.

Mwaka 1896 likaja pigo jingine. Ugonjwa wa sotoka, ambao katika miaka iliyotangulia ulikuwa umemaliza ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine wa huku kwetu, ulifika Afrika Kusini, ukaua mifugo kwa makundi. Mtu aliyekuwa na ng'ombe wa mahari na wa maziwa alijikuta hana kitu. Wengi walilazimika kuacha wake na watoto, wakaenda kutafuta mshahara wa mgodini. Wanaume hao walirudi jioni na vumbi la mawe kifuani, wakalala katika mabweni yaliyojaa. Jumapili walikwenda kanisani, na watoto wao, kwa wale walioweza kuwa na watoto karibu, waliingia darasani kwa Mwalimu Sontonga.

Huko ndiko alikofanya kazi yake yote. Alikuwa mwalimu wa darasa na kiongozi wa kwaya. Alihubiri kanisani ijapokuwa hakuwa mchungaji, na alipiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji wa kanisa la African Methodist Episcopal, nao walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Hakuwa na vitabu vya nyimbo vya kuwatosha wanafunzi wake, na nyimbo zilizokuwamo vitabuni zilitungwa mbali kwa mambo ya mbali. Basi alitunga zake. Aliandika maneno na herufi za sauti katika daftari la mazoezi, daftari la kawaida kama alilotumia mtoto kwa hesabu. Nyingi za nyimbo hizo husemwa zilikuwa za huzuni, kwa kuwa alitazama mateso ya watu wake katika mji ule wa dhahabu.

Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, alitunga wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika. Aliandika ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Maana yake ni maombi ya kumtaka Mungu alibariki bara la Afrika. Aliutunga uimbwe na wanafunzi wake, na wala hakuna aliyemwagiza wimbo wa taifa. Wakati huo hakukuwa na taifa lolote la Kiafrika kusini mwa bara hilo lililoweza kumwagiza. Katika mwaka ambao Waafrika walikuwa wakigawanywa kwa mipaka ya Waingereza, Makaburu, Wareno na Wajerumani, mwalimu huyo aliwafundisha watoto kutaja Afrika yote kwa jina moja.

Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mwafrika wa Kanisa la Kimethodisti. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Waingereza na Makaburu walianza vita vyao, vikaendelea mpaka 1902. Vilipokwisha, wazungu hao walipatana wao kwa wao, na haki za mwenye nchi hazikutiwa katika mapatano. Kwaya ya Sontonga iliimba hapa na pale katika eneo la Johannesburg na hata Natal. Viongozi wengine wa kwaya walimwomba nyimbo zake wakanakili, naye aliwapa.

KUFARIKI KWAKE

Mwalimu Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili 1905. Alizikwa Johannesburg katika makaburi ya Braamfontein, upande waliotengewa Waafrika Wakristo. Miezi mitatu baadaye, mwezi Julai, vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Wamatumbi, kusini ya nchi yetu. Nayataja mambo hayo mawili pamoja ili tupate kipimo cha wakati. Wale mashujaa waliokuwa wakijiandaa kumkabili Mjerumani hawakumjua mwalimu huyo, naye hakuwajua. Lakini alikwisha kuwaombea kwa kutaja bara lote.

Daftari lake lilibaki kwa mkewe Diana. Marafiki na viongozi wa kwaya walikuja kuazima, kurasa zikatawanyika, na mwisho daftari lenyewe likapotea. Husimuliwa kwamba mjane huyo aliuza haki ya wimbo kwa senti sita za Kiingereza tu. Alifariki mwaka 1929. Kwa hiyo katika nyimbo zote alizotunga Sontonga, ule uliobaki ni ule ambao watu walikuwa wamekwisha kuushika kwa moyo.

SAFARI YA WIMBO

Hapo ndipo maisha ya pili ya mtu huyu yanapoanza. John Dube, mwalimu na mwandishi wa Natal, alikuwa na shule yake huko Ohlange, na kwaya ya shule hiyo iliueneza wimbo. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika kutoka pande zote za Afrika Kusini walipokutana Bloemfontein kuunda chama, ambacho tangu 1923 kimeitwa African National Congress, wimbo wa Sontonga uliimbwa katika mkutano huo. Dube ndiye aliyechaguliwa rais wa kwanza. Katibu alikuwa Sol Plaatje, mwandishi wa magazeti na vitabu, na mwaka 1923 Plaatje akiwa London aliuimba wimbo huo katika santuri. Mwaka 1925 chama kiliufanya kuwa wimbo wake rasmi. Mwaka 1927 mshairi mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, aliongeza beti saba. Mwaka 1942 Moses Mphahlele alitoa maneno ya Kisotho.

Kisha wimbo ulivuka mipaka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa mjini Dar es Salaam, Tanganyika huru iliimba Mungu Ibariki Afrika. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 jina la nchi katika ubeti wa pili likawa Tanzania. Zambia ilipata uhuru mwaka huohuo, ikachukua sauti ya Sontonga na kutia maneno yake yenyewe. Zimbabwe iliutumia wimbo huo kwa Kishona na Kindebele tangu uhuru wake mwaka 1980 hadi 1994, na Namibia iliutumia kwa muda ilipopata uhuru mwaka 1990. Nchi aliyozaliwa mtunzi ikawa ya mwisho. Mwaka 1994, serikali ya ubaguzi ilipoondoka, Afrika Kusini iliupokea rasmi, na mwaka 1997 ukaunganishwa na sehemu ya wimbo wa zamani wa Makaburu kuwa wimbo mmoja wa lugha tano.

MARA MBILI NILIZOONA MACHOZI

Sasa nitimize ahadi yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mtumishi wa serikali mjini Morogoro. Maili chache kutoka mjini, mahali paitwapo Mazimbu, serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi mwaka 1977. Wakajenga hapo shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wananchi wa Morogoro walizoeana na wageni hao sokoni, viwanja vya mpira na misibani. Siku moja tulikwenda kumzika kijana wao mmoja aliyefariki kwa maradhi. Mama yake alikuwa nyumbani Afrika Kusini, na hakukuwa na njia ya kumleta mazikoni.

Walipomaliza kufukia walisimama wakainua ngumi, wakaanza kuimba. Sauti ilipopanda, sisi tuliotoka mjini tulijikuta tunaimba pia, kwa Kiswahili. Wao waliimba Kixhosa wakaingia Kisotho, nasi tukaendelea na maneno yetu, na hapakuwa na mgongano wowote kwa kuwa njia ya sauti ilikuwa moja. Alikuwapo msimamizi wao wa ujenzi, mtu wa makamo, mrefu, mkali kazini hata mafundi wetu walimwogopa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa juu na wa pili umeshika koleo, hakuyafuta.

Wiki kadhaa baadaye, tulipokwisha kuzoeana, nilimwuliza jambo hilo kwa adabu. Alinieleza kwamba hakumlilia marehemu peke yake. Alisema kila auimbapo wimbo huo humwona mwalimu wake wa shule ya msingi, ambaye kabla ya kuwafundisha aliwaamuru wafunge madirisha ya darasa. Aliondoka nchini kwake akiwa kijana, wala hakupata kujua mwalimu yule aliishia wapi.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 21 Oktoba 1999, Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa, siku ya mazishi ya kitaifa ya Mwalimu Julius Nyerere. Nilikuwa nimekaa jukwaani kati ya watu nisiowajua. Maelfu ya watu walikuwa wametulia kwa saa nyingi. Wimbo wa taifa ulipopigwa, jirani yangu wa kulia, bwana mwenye suti na mvi nyingi, alijaribu kuimba akashindwa. Mabega yalimtikisika kama ya mtoto. Wa kushoto naye vilevile. Nami nilipofika kiitikio sauti ilinikatika. Hotuba zilikuwa zimesomwa, na wengi wetu tulizisikia kwa macho makavu. Wimbo tuliouzoea kuliko vyote ndio uliotushinda.

KWA NINI TULILIA

Nimelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi, na ninayo majibu matatu.

La kwanza ni maneno. Nyimbo nyingi za mataifa husifu vita, wafalme au uzuri wa nchi. Anayesifu hujikaza. Wimbo wa Sontonga unaomba. Mtu anayeomba huwa amekwisha kukiri kwamba nguvu zake hazitoshi, na kwa mwanamume aliyezoea kujikaza siku zote, kukiri huko mbele ya wenzake ni kama kulegeza kamba iliyokazwa mno.

La pili ni muziki wenyewe. Sontonga aliuandika kwa ajili ya watoto na watu wa kanisani, siyo mabingwa. Hatua za sauti ni fupi na mwendo ni wa taratibu, kiasi kwamba mtu asiyejua kuimba naye hupata mahali pa kusimama. Ubeti huanza kwa utulivu, na kiitikio hurudia ombi lilelile. Wanawake wakiwa juu na wanaume wakaingia chini kwa teno na besi, kila mtu husikia kwamba sauti yake ndogo imebebwa na kubwa kuliko yeye. Waliokuwa upande wa besi katika kwaya yetu wanajua nisemalo. Sauti hiyo huisikii masikioni tu, huisikia kifuani.

La tatu naliona kuwa ndilo kubwa. Wimbo huo tulipewa tukiwa watoto, na aliyetupa alikuwa mwalimu. Tunaweza kusahau jedwali la kemia na tarehe za wafalme, lakini kilichoimbwa kila asubuhi tumbo likisubiri uji hakisahauliki. Kinapoimbwa siku ya msiba, anayesimama pale si mkurugenzi, wala kanali, wala babu mwenye wajukuu. Ni mtoto wa shule, mikono ubavuni, anayemtazama mwalimu wake. Yule msimamizi wa Mazimbu alimwona wa kwake. Yule bwana wa Uwanja wa Taifa alikuwa akimzika mtu ambaye nchi nzima ilimwita Mwalimu. Mtoto ndiye aliyelia, na mtoto haambiwi alilie moyoni.

Kwa hiyo Sontonga, alipotunga kwa ajili ya darasa lake, alitunga kwa ajili ya wanaume wazima pia, pengine bila kukusudia. Alitia wimbo wake mahali pa ndani ambapo hotuba haifiki.

KABURI LILILOPOTEA

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka mingi baada ya kufa kwake, mamilioni ya watu waliimba wimbo wa Sontonga na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuonyesha alipolala. Katika miaka ya 1990, nchi yake ilipokuwa inakaribia kuwa huru, watu walianza kutafuta. Ilikuwa kazi ngumu. Walipekua vitabu vya makaburi ya Braamfontein chini ya jina la Sontonga, wasipate kitu. Sababu ilikuwa ndogo na ya kusikitisha. Siku ya kumzika, karani aliandika Enoch tu. Mwafrika wa mwaka 1905 hakuonekana anahitaji jina la ukoo katika kitabu cha serikali ya mji. Mwisho walilinganisha tarehe na mpangilio wa makaburi ya zamani, wakapata mahali alipozikwa.

Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua mnara mahali hapo, na kaburi likatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Mjukuu wa kike wa Sontonga alipokea nishani kwa niaba ya babu yake. Miaka 91 ilikuwa imepita. Mkewe alikuwa amekwisha kufa kwa miaka 67, na watoto wa darasa lile la Nancefield hawakuwapo tena wa kusimulia alivyoshika kijiti cha kuongozea kwaya.

Ndugu zangu, jina moja lililoachwa katika daftari la karani lilitosha kumpoteza mtu wa namna hiyo. Hebu tujitazame. Shule yetu ilikuwa na mwalimu wa muziki aliyetufundisha sauti nne kwa ubao na chaki, ndiyo maana wimbo wa taifa uliimbwa kwetu kama wimbo, siyo kama amri ya gwaride. Wa miaka yangu wanamjua. Simtaji hapa kwa sababu nikimtaja yeye nitakuwa nimemwacha wa kilimo, na wa hisabati aliyekaa na sisi usiku kwa taa ya kandili, na mpishi mkuu, na yule matroni aliyewauguza wagonjwa wa malaria. Wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ukutani mwa shule yapo majina ya wakuu wa shule na ya viranja. Ya hao wengine hayapo.

Nimejaribu, kwa muda wa miezi miwili iliyopita, kuandika orodha ya walimu niliowajua. Nimepata 23. Kati yao, 9 ninawajua kwa jina moja tu, au kwa lile jina la utani tulilowapa bwenini. Huyo ni Enoch, na huyu ni Enoch, na yule ni Enoch. Tukiendelea hivi, miaka 20 ijayo hatakuwapo wa kulinganisha tarehe.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa mkutano wetu wa mwaka huu. Kila mwanachama aje na karatasi moja. Katika karatasi hiyo aandike jina kamili la kila mwalimu au mtumishi wa shule anayemkumbuka, somo au kazi aliyofanya, miaka aliyokuwapo, kijiji alikotoka, na kama amefariki, mahali alipozikwa. Asiyejua yote aandike anachojua, mwenzake atamalizia. Karatasi zikusanywe na katibu, zipigwe chapa, nakala moja ibaki maktaba ya shule na nyingine itunzwe na umoja wetu. Gharama yake haifikii hata ya mbuzi mmoja wa karamu yetu. Wale walimu walio hai, na wapo, tuwapelekee orodha hiyo mikononi mwao, waone majina yao yakiwa kamili wangali wanaweza kuyasoma. Sontonga hakuipata heshima hiyo.

Kisha, kabla ya kufungua mkutano, tuimbe wimbo wa taifa kwa sauti nne kama tulivyofundishwa. Teno wasimame kushoto, besi nyuma. Nawaomba vijana waliomaliza miaka ya karibuni wasitushangae wakiona wazee wanatoa leso.